“Ni Sindano Tu”: Kukagua Cherehani Kilichotumika Kabla ya Kutoa Pesa

Wauzaji wa vyerehani vilivyotumika hapa Nairobi wana jibu moja kwa karibu kila kasoro utakayowaonyesha: “Ni sindano tu.” Mshono unaruka? Ni sindano tu. Uzi unakatika kila baada ya hatua tatu? Ni sindano tu, mama, badilisha uone. Ugumu wa jibu hilo ni kwamba mara nyingi ni la kweli. Sindano iliyopinda kidogo, kiasi ambacho jicho haligundui, inaweza kukifanya cherehani kizima kionekane kimekufa. Lakini jibu hilohilo hutolewa pia kwa mashine ambayo giya yake imepasuka ndani, na mnunuzi akifika kwake Umoja au Kawangware anabadilisha sindano kumi asione nafuu.

Nimewasindikiza majirani na jamaa kununua vyerehani mara nyingi, na nilichojifunza ni kwamba watu hukataa mashine nzuri zenye uchafu na kununua mashine mbovu zinazong’aa. Kwa hiyo nimepanga haya kwa dalili, jinsi utakavyokutana nazo ukiwa umesimama mbele ya muuzaji: nini kinasababisha, utajuaje palepale, na kama kasoro hiyo ni ya kununua nayo, ya kupunguziwa bei, au ya kuaga na kuondoka. Nazungumzia cherehani cha nyumbani, cha kupunguza suruali za shule, kushona pazia, kukunja pindo za leso, kurekebisha nguo za Gikomba, na gauni la kitenge la mara mojamoja.

Ukitoka nyumbani, beba hivi

Kwanza kabisa, pakiti mpya ya sindano. Muuzaji akisema ni sindano tu, unamjibu kwa upole, “Sawa, tuweke mpya tuone,” na hapo hoja inapimwa mbele ya macho yenu wote wawili. Chukua namba 90/14. Namba ya kwanza ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita, yaani 90 ni milimita 0.9, na unene huo unafaa kitenge, shuka na pazia. Ongeza moja au mbili za 100/16 kwa ajili ya jinzi.

Angalia aina pia, si namba peke yake. Mji huu umejaa mashine za kiwandani, na dukani ukiomba “sindano ya cherehani” bila kufafanua unaweza kupewa DBx1, ambayo shina lake ni la mviringo na ni jembamba. Ya nyumbani huandikwa HAx1, 15x1 au 130/705 H, na shina lake ni nene zaidi, lina upande mmoja bapa. Niliwahi kukuta cherehani cha chuma kizuri sana kikiuzwa kwa bei ya vyuma chakavu kwa sababu mwenyewe alikuwa amekitia sindano ya kiwandani. Hakikuweza kushika uzi wa chini hata mara moja, naye akaamini kimeharibika. Jirani yangu alikinunua, tukaweka sindano sahihi palepale, na hadi leo kinashona.

Pamoja na sindano, beba nyuzi mbili za rangi tofauti, tuseme nyekundu ya juu na nyeupe ya chini, kwa sababu uzi wa rangi moja juu na chini huficha makosa yote ya mkazo. Beba vipande vitatu vya kitambaa: pamba ya kawaida kama kitenge au leso, jinzi ya kukunja mara nne, na kipande cha fulana kinachonyumbuka. Karatasi moja nyeupe, bisibisi ndogo, na simu yenye tochi. Usikubali kujaribu kwa kitambaa cha muuzaji. Mara nyingi ni kile kigumu kilichopigwa wanga, ambacho hata mashine yenye tatizo hukishona bila kuonyesha aibu.

Gurudumu la mkono ni gumu, au halizunguki kabisa

Anza hapa, hata kabla ya kutia uzi, hata kama kibandani hakuna stima. Toa uzi wote, inua mguu unaokandamiza kitambaa, kisha zungusha gurudumu la upande wa kulia kuelekea kwako, polepole, mizunguko kumi. Mkono wako utakuambia mengi kuliko mota, kwa sababu mota ina nguvu ya kupita juu ya kasoro bila kukujulisha.

Ugumu ulio sawa mzunguko mzima, kama unakoroga ugali unaokaribia kuiva, maana yake ni mafuta yaliyoganda. Watu wengi hutia mafuta ya kupikia wakikosa yale ya cherehani, na mafuta ya kupikia yakikaa hugeuka gundi. Hii ni kasoro ya kununua nayo, na ni nafasi nzuri ya kupunguziwa bei. Nyumbani utatia matone ya mafuta ya taa kwenye kila kiungo kinachosogea, mbali na jiko na mbali na mota na nyaya, ukiache usiku mzima, ukizungushe taratibu asubuhi, upanguse uchafu wote mweusi unaotoka, halafu utie mafuta halisi ya cherehani, yale meupe mepesi. Huenda ukarudia siku mbili tatu. Usilazimishe kwa nguvu, na usilazimishe kwa mota.

Gurudumu likienda vizuri kisha likakwama mahali palepale kila mzunguko, hiyo ni habari nyingine. Fungua sehemu ya bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, uangalie kwa tochi. Mara nyingi kuna kipande cha uzi kilichosokotwa nyuma ya ndoana, yaani kile kisehemu chenye ncha kinachozunguka au kuyumba kuizunguka bobini ili kuudaka uzi wa sindano. Kitoe, uzungushe tena. Ikiwa hakuna uzi na bado linakwama palepale, kuna chuma kilichopinda au vitu viwili vinagongana. Hapo mimi huondoka, isipokuwa bei iwe ya kununulia spea tu.

Ukisikia mchanga ndani, mkwaruzo wa chembechembe, ni kutu. Kutu ya juu ya gurudumu na mguu haina neno. Kutu kwenye njia ya ndoana huula uzi milele.

Na likizunguka kwa urahisi mno huku sindano imesimama tuli? Wengi hukata tamaa hapa, na hii ndiyo kasoro ndogo kuliko zote. Katikati ya gurudumu la vyerehani vingi vya zamani kuna kibonge kidogo ambacho hulegezwa mtu anapojaza bobini, ili sindano isisogee. Mtu wa mwisho alikilegeza akasahau. Kikaze, na sindano itaanza kupanda na kushuka.

Mafundo na vitanzi chini ya kitambaa

Kosa la kawaida ni kulaumu bobini, kwa kuwa uchafu unaonekana chini. Vitanzi vilivyo chini vinasababishwa na uzi wa juu ambao haukushikwa. Ule mwekundu unavutwa chini ukiwa legevu, unarundikana. Vitanzi vikitokea juu, ndipo unapoangalia bobini, au tensheni ya juu, yaani mkazo wa uzi wa juu, iliyokazwa kupita kiasi.

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya mara nyingi, ni uzi kutiwa mguu ukiwa chini. Mguu ukiwa chini, visahani viwili vya tensheni hubanana, na uzi hupita juu yake badala ya kuingia katikati. Toa uzi wote, inua mguu, uutie upya tangu mwanzo. Usiridhike na kuusogeza tu.

Kisha fanya jaribio ambalo wauzaji hawalipendi kwa sababu halina ubishi. Mguu ukiwa juu, uvute uzi karibu na sindano: uteleze bila kizuizi. Shusha mguu, uvute tena: sasa ukatae, hata sindano ianze kupinda kidogo. Ikiwa hakuna tofauti kati ya hali hizo mbili, visahani vimejaa uchafu au havifungi. Pitisha ukingo wa kitambaa safi katikati yake mara kadhaa ukiwa umeinua mguu. Mara nyingi hutoka kipande kidogo cha vumbi la uzi, na tatizo limekwisha. Visahani vilivyoliwa na kutu au springi iliyovunjika ni spea ndogo, ila usinunue bila kumuuliza fundi kama inapatikana kwa aina hiyo.

Kwa bobini ya kikasha kinachotoka, kitoe na bobini yake ndani, ukining’inize kwa uzi wake, ukitikise kidogo kama unayepima samaki. Kinapaswa kushuka kidogo kisha kisimame. Kikiteremka hadi chini bila kusimama, kimelegea. Kikigoma kabisa, kimekazwa mno au kina uchafu chini ya ile springi bapa ya pembeni. Skrubu yake ndogo husogezwa robo mzunguko kwa wakati, si zaidi.

Mshono unaruka

Hapa ndipo “ni sindano tu” hustahili kusikilizwa, kisha kupimwa.

Weka sindano yako mpya. Iingie hadi mwisho kabisa kabla ya kukaza skrubu. Upande bapa wa shina uelekee ndoana inakopita, na mfereji mrefu wa sindano uangalie upande uzi unakoingilia. Kwenye vyerehani vingi vya karibuni, upande bapa huenda nyuma na uzi huingia kutoka mbele. Kwenye vya zamani ambavyo bobini huingilia ubavuni, uzi hupita ubavuni pia, kwa hiyo usikisie, angalia ndoana iko wapi.

Shona pamba. Mshono ukitulia, muuzaji alisema kweli. Shona fulana. Ukiruka kwenye fulana pekee, si ugonjwa: kitambaa kinachonyumbuka kinataka sindano ya ncha butu iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Ukiruka kwenye pamba ya kawaida kwa sindano mpya, iliyowekwa vizuri, ya aina sahihi, basi sasa mnazungumzia taimingi, yaani sindano na ndoana kukutana kwa wakati wake, na hapo sindano haina hatia tena. Fungua bamba la sindano, lile lililo chini ya mguu, kama linafunguka kwa urahisi, washa tochi, na uzungushe gurudumu kwa mkono. Sindano hushuka hadi chini kabisa, kisha huanza kupanda. Katika kupanda huko, inapokuwa imepanda kama milimita mbili, ncha ya ndoana inapaswa kupita nyuma ya sindano, karibu kuigusa lakini bila kuigusa, juu kidogo ya tundu. Uzi hufanya kitanzi kidogo mahali hapo, na ndoana inapita ndani ya kitanzi. Ndoana ikifika sindano ikiwa bado inashuka, au ikifika baada ya tundu kupita, hakuna mshono.

Taimingi haipotei bure. Swali la kuuliza ni: ilipotea kwa nini? Ikiwa mashine ni ya chuma kitupu na bamba lina alama za kugongwa na sindano, huenda mtu alishona juu ya zipu au pini, kitu kikasogea. Fundi anaweza kuirudisha mahali pake, na itakaa. Lakini ikiwa mashine ina giya za plastiki, huenda giya imepasuka, na hata ukilipia fundi airekebishe leo, itahama tena wiki ijayo.

Kinashona vizuri, kisha ghafla hakishoni: giya zilizojificha

Hii ndiyo dalili inayoniumiza zaidi, kwa kuwa walionunua mashine za namna hii walifanya kila kitu sawasawa. Walijaribu, ikashona, wakalipa.

Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 watengenezaji wengi walianza kutumia giya za nailoni au plastiki ndani ya mashine za nyumbani. Zikiwa mpya hupunguza kelele. Zikizeeka hukauka, hugeuka manjano, na hupasuka, hasa mashine ikiwa ilikaa stoo miaka mingi halafu ikashtuliwa na mota huku mafuta yameganda. Nje, mashine hiyo inaweza kuwa nyeupe kama sahani mpya.

Omba ruhusa kuilaza ubavuni na kufungua kifuniko cha chini. Angalia kila giya isiyo ya chuma huku mwenzako akizungusha gurudumu taratibu. Tafuta ufa mwembamba unaoanzia katikati, kwenye shina, kuelekea nje. Tafuta jino lililokatika. Tafuta unga au vipande vya plastiki chini ya mashine. Kisha shika ndoana kwa kidole na ujaribu kuizungusha huku gurudumu likiwa limeshikwa. Mchezo mdogo sana ni kawaida. Ikisogea kwa wazi, au ikiteleza huku ikitoa mlio wa “tak”, ondoka. Muuzaji akikataa kabisa kifuniko kifunguliwe, ondoka vilevile, bila ugomvi.

Ndiyo maana mimi hupendekeza vyerehani vya chuma kwa mtu anayeanza. Singer zenye alama kama 15K au 201K, ambapo K ni ya kiwanda cha Kilbowie kule Clydebank, Scotland, zina giya na viungo vya chuma. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980, kwa hiyo hata ile changa kabisa imeshazeeka, na bado zinafanya kazi. Butterfly za China zilizozoeleka hapa, zile nyeusi za kanyagio, zimejengwa kwa mtindo huohuo wa namba 15. Hazina zigizaga, na hilo ni pungufu la kweli kwa fulana na kwa kuzuia kingo kuchanika. Lakini mshono wake ulionyooka hauna mpinzani, na spea zake zinajulikana na kila fundi.

Hakuna bobini, au kikasha cha bobini kimepotea

Usinunue kwa ahadi kwamba “hiyo utapata Biashara Street.” Kwa bobini ya duara ya namba 15, ya chuma, kipenyo chake karibu milimita 20, ni kweli utaipata. Ila kuna Singer za zamani sana, kama namba 27, 28, 127 na 128, ambazo bobini yake ni ndefu kama kijiti na hukaa ndani ya chombo chenye umbo la risasi kinachoyumba mbele na nyuma. Ni mashine nzuri na za kupendeza, lakini zikikosa chombo hicho una pambo la sebuleni. Kikasha kisichokuwa chake, kilichosukumwa kikaingia, pia hakifai: husababisha kila dalili iliyo hapo juu, moja baada ya nyingine.

Kitambaa hakisogei

Angalia kama kidhibiti cha urefu wa mshono kiko sifuri. Angalia kama meno, yale yanayosukuma kitambaa kutoka chini, yameshushwa, kwani vyerehani vingi vina kitufe au swichi ya kuyashusha kwa kazi ya kutarizi. Fungua bamba: vumbi la pamba likishindiliwa kati ya safu za meno huwa gumu kama godoro la zamani, na meno hayawezi kupanda. Likwangue. Kisha pitisha kidole gumba juu ya meno. Yanapaswa kukwaruza kidogo. Yakiwa laini yamekwisha, na kubadilisha kunagharimu.

Stima: kinanguruma bila kuenda, kinanuka, au kinajiendesha chenyewe

Kabla ya kuchomeka popote, soma kibandiko kilicho karibu na mahali waya unapoingilia. Stima yetu Kenya ni volti 240. Mashine zilizotoka Uingereza hazina shida. Zilizotoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100, na za Marekani kwa volti 110 hadi 120. Plagi ya miguu miwili bapa inapaswa kukushtua mara moja, lakini usiiamini peke yake, kwa sababu wauzaji wengine hukata plagi ya asili na kuweka ya miguu mitatu ya mraba, na hapo dalili pekee iliyobaki ni kibandiko.

Binamu yangu alinunua mashine nzuri ya Kijapani ya namna hiyo. Muuzaji aliwasha kibandani kwa transfoma iliyofichwa chini ya meza, na hakumwambia. Alipofika nyumbani aliichomeka moja kwa moja ukutani. Ilikimbia kwa kasi ya kutisha sekunde chache, ikatoa moshi, ikanyamaza. Bodi yake ya elektroniki iliungua, na hakuna fundi aliyeweza kuiokoa. Kwa hiyo uliza swali hilo wazi: “Hapa kinatumia transfoma?” Fuata waya kwa macho kuanzia mashine hadi soketi. Mashine ya volti 100 inanunulika, ila bei ya transfoma iingie kwenye hesabu yako, na uchague yenye uwezo wa wati uliozidi kwa mbali zile za mota na taa vikijumlishwa.

Ikinguruma bila kusogea, chomoa kwanza. Zungusha kwa mkono: ikiwa ni ngumu, tatizo ni mafuta yaliyoganda, rudi juu. Ikiwa ni nyepesi, angalia mkanda: umelegea, umepasuka, au unateleza? Mkanda uwe na ulegevu kidogo ukiubonyeza kwa kidole. Ukikazwa sana huichosha mota. Mkanda ukiwa sawa, huenda kaboni za mota zimekwisha. Cheche ndogo za buluu ndani ya mota ni za kawaida. Cheche kubwa, kelele na harufu ya kuungua si za kawaida. Mota ya nje, ile iliyofungwa kwa skrubu mgongoni, hubadilishwa kwa urahisi, kwa hiyo hiyo ni ya kupunguziwa bei. Mota iliyo ndani ya mwili wa mashine ni kazi nyingine kabisa.

Mashine ikianza kushona yenyewe mara tu inapochomekwa, hujakanyaga pedali, chomoa usiguse kitu. Mara nyingi kapasita ndani ya pedali imeharibika au vigusio vyake vimegandana. Pedali hubadilishwa. Lakini mtoto akiwa karibu na sindano hiyo, dakika moja inatosha kuleta msiba, kwa hiyo usiitumie “kwa sasa” hadi irekebishwe. Vilevile waya ambao ganda lake limekuwa gumu na linapasuka ukiukunja: badilisha wote, usiufunge kwa tepu.

Kanyagio

Kama mtaani kwenu stima hukatika, kanyagio ni rafiki wa kudumu. Kasoro zake ni chache. Gurudumu likienda kinyume, uzi hukatika na kusokotana; hilo ni mguu wako kutozoea, anza kwa kulisukuma gurudumu la juu kuelekea kwako kisha ufuate na miguu. Mkanda wa ngozi ukiteleza, umerefuka: kata kipande kidogo, uunge tena kwa kile kipini chake, na usiupake mafuta. Chunguza meza chini na nyuma kama ina mchwa. Na chunguza miguu ya chuma cha kusubu kama ina alama za kuchomelewa, kwa kuwa chuma cha aina hiyo kikivunjika na kuungwa hakina uhakika chini ya mtikisiko.

Unapewa cha kiwandani kwa bei nzuri

Utapewa, hasa karibu na Uhuru Market ambako washonaji hubadilisha mashine. Juki DDL-8700, kwa mfano, ni mashine bora kabisa, yenye uwezo wa hadi mishono 5,500 kwa dakika. Lakini inashona mshono ulionyooka tu, inaishi kwenye meza yake nzito yenye bakuli la mafuta, na kwa mwenye nyumba ya chumba kimoja anayetaka kupunguza suruali mbili kwa wiki, itamchukulia nafasi ya kitanda. Si mbovu. Haikuhusu.

Sokoni kilishona, nyumbani kimekataa

Usikimbilie kumpigia muuzaji simu kwa hasira. Cherehani kilichopanda boda au kilichowekwa chini ya kiti cha matatu kimetikiswa. Weka sindano nyingine mpya, kwani ile ya majaribio huenda imepinda wakati wa kubebwa. Toa uzi wa juu na wa chini, utie upya ukiwa umeinua mguu. Hakikisha kikasha cha bobini kimeingia hadi kilipolia, kibonge cha gurudumu kimekazwa, mkanda haujatoka kwenye mfereji wake, na meza haiyumbi. Kwa mashine ya volti 100, hakikisha transfoma ni ileile mliyoijaribia.

Shona ile karatasi nyeupe bila uzi, mstari mmoja mrefu. Matundu yakiwa yamenyooka na yameachana kwa nafasi sawa, sindano na meno viko salama na tatizo liko kwenye uzi. Matundu yakiyumba kulia na kushoto kama njia ya ng’ombe, nguzo ya sindano imelegea au imegongwa njiani. Piga picha ya karatasi hiyo, na ya ncha ya sindano, siku hiyohiyo, kabla hujagusa skrubu yoyote ya ndani, halafu ndipo umpigie muuzaji.